Kurekodi ampli ya besi ya lampi bila bafli: transfoma isikose mzigo

Chumba cha kurekodia ndani ya nyumba ya mbao, kama zilivyo nyingi hapa Goma, hakiwezi kuizuia besi. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinaelemewa: sauti inajaa kwenye kona, mbao zinavuma, jirani anabisha hodi, na maikrofoni inameza pia jenereta ya mtaa wa nyuma. Ndiyo sababu wanamuziki wanataka kurekodi ampli yenyewe, bila bafli, yaani kasha la spika. Inawezekana, tena kwa sauti nzuri. Ila ampli ya lampi, yaani ile inayokuza sauti kwa vali za kioo badala ya transista, ikichomolewa bafli na kupigwa hivyo hivyo, inaweza kuungua kabla wimbo haujaisha.

Aliyezoea ampli za transista anajua kwamba kuchomoa bafli hakudhuru kitu. Kinachoiua ampli hiyo ni nyaya mbili za spika kugusana. Kwa lampi mambo ni kinyume. Kati ya lampi za nguvu na spika kuna transfoma ya kutolea sauti, inayogeuza volti nyingi zenye mkondo mdogo kuwa volti chache zenye mkondo mkubwa. Ampeg SVT, iliyotoka mwaka 1969, hutoa wati 300, na lampi zake sita za nguvu hufanya kazi kwa volti karibu 700. Kila noti huweka nishati katika sumaku ya transfoma. Bafli ikiwapo, nishati hiyo inatokea kwenye spika. Isipokuwapo, inarudi upande wa lampi ikiwa imepanda hadi maelfu ya volti. Cheche inaruka kati ya pini za soketi, au inatoboa vanishi ya waya ndani ya transfoma. Mwinuko wetu unazidisha hatari: Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, shinikizo la hewa limepungua kwa takriban moja ya sita, na hewa nyepesi hupitisha cheche kwa urahisi zaidi. Transfoma hiyo ni vigumu zaidi kuisuka upya kuliko mota ya kawaida, maana nyaya za pande zake mbili hupangwa kwa tabaka zinazopishana.

Kosa linaloharibu ampli nyingi ni kudhani kwamba kisanduku cha DI, kile cha kupeleka sauti ya chombo moja kwa moja kwenye mikseri, ni mzigo, yaani kitu cha kupokea wati za ampli badala ya bafli. Si mzigo. DI, hata ile yenye swichi iliyoandikwa spika, inasikiliza tu. Haibebi wati hata moja. Vivyo hivyo tundu la line (la kutolea sauti ya kiwango kidogo kwa ajili ya kurekodi) nyuma ya ampli: ukirekodi kupitia hilo, tundu la spika bado linahitaji bafli au mzigo. Kushusha sauti hadi sifuri si kinga ya kutegemea. Ampli chache hujifunga zenyewe jaki ikichomolewa, lakini usiweke transfoma rehani kwa kubahatisha. Ampli zenye lampi mbele na transista kwenye nguvu hazina shida hii. Soma kitabu chake kwanza.

Mzigo unaofaa una mambo mawili: omu na wati. Omu zilingane na tundu unalotumia, 4 kwa 4, 8 kwa 8. Wati ziwe mara mbili ya zilizoandikwa kwenye ampli, kwa sababu lampi zikisukumwa hadi sauti ikwaruze hutoa karibu maradufu. Visanduku vingi vya mzigo vinavyouzwa huishia wati 100 au 150, kwa hiyo havifai kwa ampli ya wati 300, hata ukiahidi kupiga polepole.

Kwa ampli ya wati 100, fundi anaweza kutengeneza mzigo wake. Chukua rezistansi nne za omu 8, wati 100 kila moja, zenye ganda la alumini. Unga mbili mfululizo upate 16, mbili nyingine vivyo hivyo, kisha unganisha jozi hizo sambamba: jumla ni omu 8. Uzuri wake ni kwamba moja ikikatika, ampli inabaki na omu 16, haibaki wazi. Zifunge kwenye bamba nene la alumini lenye mapezi, na mafuta ya kupitisha joto katikati. Bila bamba hazifiki hata nusu ya wati zilizoandikwa. Zitakuwa moto wa kuunguza, basi ziwe mbali na mbao na pazia.

Wati 100 kwenye omu 8 ni volti 28 na ampea 3.5. Ukiziingiza kwenye kadi ya sauti, umeiua. Toka kwenye mzigo na rezistansi ya omu 10,000, kisha omu 470 kwenda upande wa ardhi. Chukua sauti kwenye kiungo cha hizo mbili. Volti 28 zinashuka hadi 1.3, kiwango cha line. Nusu wati kila moja inatosha. Kutoka hapo pita kwenye DI yenye transfoma, na sauti ikivuma, bonyeza swichi ya DI ya kukata ardhi ya mawimbi (ground lift). Pini ya ardhi ya plagi ya umeme usiikate kamwe. Hiyo inalinda uhai wa mpigaji.

Waya kati ya ampli na mzigo uwe wa spika, milimita za mraba 1.5 au zaidi. Waya wa gitaa ni mwembamba, unapata moto na kukatika. Pima mzigo kwa multimita kabla ya kuuchomeka, ampli ikiwa imezimwa: mzigo wa omu 8 usome karibu 8. Chomeka mzigo kwanza, sauti zote sifuri, washa, subiri dakika mbili kwenye standby, ndipo upandishe. Rekodi kwa biti 24, vilele vikiwa karibu desibeli −12 kwenye mita ya programu.

Sauti itakuwa kali na yenye mikwaruzo, kwa sababu spika ya besi hukata sauti nyembamba. Weka faili la IR la bafli (sampuli inayoiga sauti ya bafli halisi) kwenye programu, au kata juu ya hezi 4,000 hadi 5,000. Rezistansi tupu haipandi kama spika halisi kwenye mvumo wake, hivyo ongeza desibeli 2 au 3 karibu na hezi 70.

Delestaji ikikatiza umeme katikati ya wimbo, zima swichi ya ampli papo hapo. Umeme mara nyingi hurudi na volti za juu. Ampli ya Marekani ya volti 120 inahitaji transfoma ya kushusha. Fyuzi ikikatika, weka ile ile. Kuziba fyuzi kwa karatasi ya fedha ya sigara ni kuita moto. Bamba la chuma lililo ndani ya lampi likiwa jekundu, au ukisikia harufu ya vanishi, zima. Usifungue ampli kama hujafunzwa: kapasita hubaki na mamia ya volti baada ya plagi kutoka. Kazi ikiisha, shusha sauti, zima, ungoje lampi zipoe, na mzigo uwe wa mwisho kuchomolewa.