Yankee Stadium mpya: vipimo vilevile, ukuta tofauti

Wengi husema uwanja mpya wa besiboli wa Yankees, uliofunguliwa New York mwaka 2009, ni nakala ya ule wa zamani, uliotumika hadi 2008, kwa sababu namba ukutani, yaani umbali kutoka kwa mpigaji hadi ukuta, hazikubadilika: futi 314 kwenye mstari wa kulia, 385 kulia-kati, 408 katikati. Namba ni zilezile, lakini zinapima sehemu chache tu. Tazama kati ya 314 na 385. Zamani ukuta ulipinda kwenda nje; sasa umenyooka, kwa kuwa ubao wa matokeo umejengwa ndani yake. Hivyo mahali pengine umesogea karibu na mpigaji kwa futi kama 9, tena ni mfupi zaidi. Mpira uliokuwa ukidakwa pale sasa unavuka ukuta.