Studio ya maigizo si chumba cha kurekodi

Kijana mpya akijiunga na kikundi chetu hapa Ujiji, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Studio iko wapi?" Anatarajia kamera na maikrofoni. Anakuta uwanja uliofagiliwa chini ya mwembe.

Dhana: Studio ni mahali pa kurekodi.

Kwa mwigizaji, studio ni mahali pa kujaribu na kukosea bila watazamaji waliolipa kiingilio. Mwaka 1905, Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa Urusi, alifungua studio mtaa wa Povarskaya, Moscow, akamkabidhi mwongozaji mwenzake, Vsevolod Meyerhold. Walifanya mazoezi miezi kadhaa, ikafungwa kabla umma haujaona onyesho hata moja. Stanislavski hakukata tamaa. Mwaka 1912 alianzisha nyingine pamoja na msaidizi wake Leopold Sulerzhitsky, na humo ndimo alimokulia mwongozaji Yevgeny Vakhtangov.

Dhana: Ili ulie jukwaani, mkumbuke marehemu wako.

Hii inaniumiza, maana nimeona vijana wakifukuliwa misiba yao mpaka mazoezi yakavunjika. Ni kweli Stanislavski alitumia kumbukumbu za hisia, lakini baadaye aliegemea zaidi vitendo. Mwaka 1934 Stella Adler, mwigizaji wa Marekani, alifanya naye kazi Paris wiki kadhaa, akarudi New York kuwaeleza wenzake wa Group Theatre, kikundi chao cha maigizo, kwamba uzito uko kwenye mazingira ya igizo na kile mhusika anachokifanya.

Binti mmoja wa kwetu alicheza mama ambaye mumewe hajarudi kutoka ziwani. Alijikamua machozi, hayakutoka. Tukamwambia aache kulia, aanike dagaa. Mikononi hana hata mmoja. Akachota, akatawanya mchangani, akaokota takataka mojamoja. Kila akisikia injini ya boti, anyanyue kichwa. Mara ya tatu mikono ilibaki hewani, na sisi tuliokaa tukageuka wote kutazama upande wa ziwa.

Dhana: Kipaji kinatosha.

Hakitoshi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kilianzishwa mwaka 1981 kwa sababu hata mwenye kipaji hufundishwa. Meyerhold naye aliwapa waigizaji wake zoezi la kupiga mshale bila upinde wala mshale, wakalirudia na kulirudia. Letu ni kuvuta wavu usiokuwepo, watu sita. Mmoja akilegeza mkono, wa upande wa pili anapaswa kuyumba.