Mtaa wa India haufufuki kwa rangi

Kila yanapozuka mazungumzo ya kufufua Mji Mkongwe wa Bagamoyo, rangi ndiyo hutajwa kwanza. Mimi ningeanza na daftari lenye safu tano: mwenye nyumba, msimamizi wa mirathi, hali ya paa, mita ya umeme, mpangaji. Pita Mtaa wa India, ulio ndani ya mji huo, nyumba kwa nyumba ukijaza. Nyumba ya marehemu yenye warithi kumi, wengine Dar es Salaam, wengine ng'ambo, haina wa kutia saini. Kama mahakama haijamthibitisha msimamizi, usimlipe fundi hata siku moja. Mrithi mmoja akija na zuio la mahakama, kazi inasimama paa likiwa wazi na masika yanakaribia.

Kodi nayo imekaa vibaya. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Gofu lisilo na mita halikatwi kitu kwa njia hiyo, ilhali jirani aliyekarabati analipa kila mwezi.

Usimamizi wa mtaa unataka fedha isiyokauka. Wafanyabiashara wa Bloor West Village, Toronto, walipata jibu mwaka 1970: tozo ya lazima kwa eneo lao, jiji likaikusanya, bodi yao ikapanga matumizi. Uzito uko kwenye "lazima". Mchango wa hiari hufa mapema, kwa kuwa asiyechanga naye anafagiliwa mbele ya duka lake. Kwetu tozo ya namna hiyo inahitaji sheria ndogo ya halmashauri. Wakati inasubiriwa, taka zizolewe kabla maduka hayajafunguliwa, mifereji izibuliwe Februari, taa ziwake. Na baraza za mawe zisizibwe kwa meza za bidhaa. Ndizo zinazomfanya mtu akae mtaani badala ya kupita.

Sasa ukuta wenyewe. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya tumbawe na chokaa, ambazo hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa hewani. Ukipiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea: unapanda juu, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu mpaka inavimba na kubanduka, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza bila kuonekana. Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Piga tabaka jembamba, funika kwa magunia yenye maji, lisikaushwe na jua.

Boriti za mikoko ndizo pia zinazopanga biashara. Urefu wake ndio uliovipa vyumba vya zamani upana wa kama mita tatu, na ukuta wa kati umebeba sakafu ya juu. Anayetaka ukumbi mpana ataubomoa. Kwa hiyo zitafutie nyumba hizi fundi cherehani, ofisi ndogo, mgahawa wa meza sita, kwa mkataba mrefu ambao gharama za ukarabati zinakatwa kwenye pango.

Rangi ije mwisho, nayo iwe ya chokaa. Rangi ya plastiki hurudia kosa la saruji, ila huchukua muda zaidi kuonekana.