RAM au prosesa: kipi ukilipie zaidi unaponunua kompyuta

Malipo ya korosho yakishaanza kuingia benki, wazazi wa Newala, Tandahimba na Masasi hushuka Mtwara mjini kuwanunulia watoto wa chuo laptopu. Dukani wanawekewa mbili mezani. Moja ina RAM ya GB 16 na prosesa ya zamani, nyingine ina RAM ya GB 8 na prosesa ya juzijuzi. Bei zimeachana kidogo tu. Muuzaji ataisifia ile ya 16, maana namba kubwa hujiuza yenyewe.

Prosesa ndiyo inayofanya kazi: inajumlisha, inalinganisha, inafungua picha, inapanga kila kinachotokea kwenye kioo. RAM ni mahali pa kuweka kazi iliyo mkononi wakati huo, na mashine ikizimika ghafla, kilichokuwa humo kimekwenda. Hifadhi, yaani hadi diski (hard disk) au SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), ndiko faili zinakolala, umeme uwepo usiwepo. Chukua banda la kubangulia korosho: mbanguaji ndiye prosesa, meza yake ni RAM, ghala ni hifadhi. Meza ikiwa finyu, mbanguaji hata awe na mkono mwepesi vipi atashinda njiani kufuata korosho ghalani. Meza ikishatosha, ukiiongeza upana hutamwona akibangua haraka zaidi.

Ndiyo tofauti ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi. RAM hutosha au haitoshi. Ikishatosha kwa kazi zako, GB za ziada zinakaa tu, faida yake ni ndogo. Prosesa haina "kutosha" ya namna hiyo: kila kazi inapita kwake, na ikiwa na kasi kila kazi inafupika, hata kama ni kwa nusu sekunde.

Lakini RAM isipotosha, adhabu yake ni kali kuliko ya prosesa dhaifu. Kompyuta huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, kisha kuirudisha, kisha kuihamisha tena. Kipande kimoja cha RAM aina ya DDR4-2400 kinaweza kupitisha kama GB 19 kwa sekunde. Hadi diski ya kuzunguka ya laptopu hupitisha kama MB 100, tena hapo data iwe imepangana vizuri. Kwa hiyo mashine haipungui kasi kidogo kidogo, inaganda. Unabofya, unangoja, unabofya tena kwa hasira, halafu yote uliyobofya yanafunguka kwa mkupuo.

Kama tayari unayo kompyuta, usikisie. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua palipoandikwa Performance, halafu endelea na kazi zako za kawaida huku ukitazama. Karani wa chama cha msingi, kwa mfano, amefungua orodha ya wakulima kwenye Excel, kurasa kumi na kitu za intaneti, na WhatsApp ya kwenye kompyuta. Mstari wa Memory (ndiyo RAM) umepanda hadi asilimia 90 na zaidi, wa CPU (ndiyo prosesa) unachezea chini ya 20, na diski haipumziki. Huyo anahitaji RAM, na ukimuuzia prosesa mpya yenye RAM ileile umemdhulumu. Kijana anayehariri video za harusi kule Mikindani anaona kinyume chake: CPU imegota 100 wakati Memory iko nusu. Huyo RAM haitamsaidia kitu.

Tuseme basi unaanza upya, huna cha kupima. Kwa kuandika, Excel, intaneti na masomo ya kawaida ya chuo, GB 8 zinatosha. GB 4 ndicho kiwango cha chini cha Windows 11, na kiwango cha chini maana yake mashine itawaka, si kwamba utafanya kazi kwa raha. GB 16 zina maana kwa anayehariri picha na video, anayechora ramani au majengo, au mtu asiyejua kufunga kurasa za intaneti (tupo wengi).

Kwenye prosesa ndipo watu hupigwa zaidi. Neno "i5", jina la kundi la prosesa za Intel, peke yake halikuambii mengi, soma namba inayolifuata. Core i5-3320M ni ya kizazi cha 3, ya mwaka 2012, ina kokwa 2 (core, yaani vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) na kasi ya msingi ya GHz 2.6. Core i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ya mwaka 2017, ina kokwa 4 na kasi ya msingi ya GHz 1.6. Ukifuata GHz utaichukua ya kwanza, na utakuwa umeiacha iliyo bora kwa mbali. GHz hulinganishwa ndani ya kizazi kimoja, si kati ya babu na mjukuu. Isitoshe, orodha rasmi ya Windows 11 kwa prosesa nyingi za Intel inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ile laptopu ya kizazi cha 3, RAM yake iwe 16 au 32, mlango huo umefungwa.

Kuna na joto. Prosesa ikipata moto hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, feni iliyojaa vumbi inatosha kuifanya prosesa nzuri itambae. Laptopu ya mtumba isafishwe feni kwanza kabla hujaanza kuilaumu.

Sasa turudi kwenye zile mbili za mezani. Mimi ningechukua ile ya GB 8 yenye prosesa mpya, kwa sababu moja: kwenye laptopu karibu zote prosesa imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi, ila RAM mara nyingi huongezwa baadaye. Mara nyingi, si mara zote. Laptopu nyembamba nyingi nazo zimechomelewa RAM, na kwa hizo hesabu inageuka: nunua kiasi utakachokihitaji mpaka siku utakapoiacha. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini, au akuonyeshe palipoandikwa Slots used pale kwenye Memory. Ikisoma 1 of 2, una nafasi ya kuongeza. Na kama iliyo mbele yako bado ina hadi diski ya kuzunguka, weka SSD kabla ya kufikiria RAM wala prosesa.

RAM ya kuongeza ukiiagiza Kariakoo, usiseme tu "nitumie ya GB 8". Taja kuwa ni ya laptopu, taja na aina yake: DDR3, DDR4 au DDR5. Hizi haziingiliani, hata pengo la kwenye meno yake limekaa mahali tofauti, na basi la kuirudisha Dar unalilipia wewe.