Je, wajua kwa nini moyo huunguzwa kwanza ndani ya kompyuta?

Kuna ugonjwa wa moyo ambao daktari anaweza kuushuku akiwa na saa na masikio tu. Anasikiliza kifuani na kuhesabu, tuseme, mapigo 120 kwa dakika. Mwenzake aliyeshika mkono wa mgonjwa huyohuyo anahesabu 90. Mapigo 30 yamepotea njiani, kwa sababu moyo ulijikunja kabla haujajaa damu na pigo likakosa nguvu ya kufika mkononi. Elektrokadiogramu, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ikithibitisha, kwenye fishi za hospitali zetu za Lubumbashi huandikwa herufi mbili: FA. Ni fibrilesheni ya atiria. Vyumba viwili vya juu vya moyo, yaani atiria, vimeacha kupiga na sasa vinatetemeka ovyo, zaidi ya mara 300 kwa dakika.

Kinachotisha zaidi ni damu inayotuama. Huganda kwenye kijifuko cha atiria ya kushoto, na bonge likipanda hadi ubongoni ni kiharusi. Mwenye FA ana hatari ya kiharusi karibu mara 5 ya asiye nayo.

Kompyuta inaingiaje hapa? Chukua seli moja ya atiria, itazame kwa hadubini upendavyo: fibrilesheni hutaiona. Haimo ndani ya seli, imo katika namna seli zinavyopokezana umeme.

Fikiria uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo umejaa, watu zaidi ya 18,000, na mashabiki wanapitisha ola, yaani wimbi la watu wanaosimama na kukaa. Kila mmoja ana kanuni moja tu: jirani akisimama, nasimama, nikishakaa, napumua kidogo kabla ya kusimama tena. Wimbi linazunguka vizuri. Sasa katikati yao pana kundi lililonuna, halisimami hata kwa dawa (huenda ni watu wa Lupopo, timu hasimu ya mjini, waliojipenyeza). Wimbi likifika hapo linapasuka. Kipande kimoja kinawazunguka kwa nyuma, na kinaporudi kinawakuta wale wa mwanzo wameshapumzika, basi nao wanasimama upya. Hapo wimbi limekuwa duara linalojiendesha lenyewe. Moyoni, kundi lililonuna ni kovu.

Mwaka 1964, Gordon Moe na wenzake huko Marekani waliipa kompyuta kanuni hiyohiyo: vipande 992 vya kuigiza atiria, kila kimoja na muda wake wa kupumzika. Walipokwisha kuvichokoza, mawimbi yaliendelea kupasuka na kutangatanga bila kuchochewa tena. Mwaka 1985 Maurits Allessie wa Uholanzi na wenzake wakayapima mawimbi ya namna hiyo kwenye atiria za mbwa. Kwangu hili ndilo la kushangaza kuliko yote: hesabu ilitangulia, moyo wenyewe ukaja kukubali baadaye.

Hesabu hizo zinaeleza pia jambo tunaloliona sana Afrika. Wimbi linahitaji nafasi ya kujizungusha. Ndiyo maana farasi hupata FA kwa urahisi na panya ni nadra. Mtoto aliyeumwa koo likaachwa bila dawa anaweza kupata homa ya baridi yabisi, ikakaza vali ya mitrali, yaani mlango wa damu unaotoka atiria ya kushoto kwenda chumba cha chini. Damu inashindwa kupita, atiria inavimba miaka nenda miaka rudi, na mawimbi yanapata uwanja mpana.

Tiba moja ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni na kuunguza njia za umeme. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre wa Bordeaux alionyesha kuwa cheche nyingi zinazoiwasha FA huanzia kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, na tangu hapo midomo ya mishipa hiyo huunguzwa kwa kuizunguka. Kwa FA inayokuja na kuondoka, mara nyingi inatosha. Kwa ile iliyokaa kabisa, kwenye atiria yenye makovu, mara nyingi inarudi.

Hapo ndipo kundi la Natalia Trayanova, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lilipoingia. Wanachukua picha ya MRI inayoonyesha makovu ya mgonjwa, wanajenga atiria yake ndani ya kompyuta, kisha wanaichokoza kutoka sehemu nyingi. Duara likitokea, wanaliunguza humo humo. Halafu wanachokoza tena, na hili ndilo muhimu: jeraha jipya linaweza kuzaa duara jingine mahali palipokuwa patulivu, ambalo kwenye meza ya upasuaji lisingeonekana siku ile. Wanarudia hadi hakuna duara linaloshika, ndipo ramani inapelekwa kwa daktari. Jaribio la 2019 lilikuwa na wagonjwa 10, na mmoja tu ndiye aliyehitaji kurudiwa. Watu 10 ni wachache mno kushangilia, lakini njia yenyewe ina mantiki.

Kwa mwenye FA ya vali iliyokazwa, hata hivyo, jambo la kwanza ni kuzuia bonge. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500, ulikuta vidonge vya zamani vya jamii ya warfarini vikiwalinda wagonjwa wa aina hii kuliko rivaroksabani ya kisasa. Anayevinywa hana haja ya kuacha sombe, yaani majani ya muhogo. Ale kiasi kisichopandashuka, maana vitamini K ya majani hupunguza nguvu ya dawa, na awe na maabara ya kumpima INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, mara kwa mara.