Nyumba ya uzeeni Malindi na Lamu: tunayoambiana barazani na vile sheria ilivyo

Ukikaa Malindi hata wiki moja utasikia kuna mzee wa Kitaliano amestaafu anatafuta nyumba karibu na bahari, na kabla hajashuka kwenye tuktuk washajitokeza madalali wanne, kila mmoja na "ploti safi, haina kesi". Wataliano si wapya hapa, tangu miaka ya sitini walipojenga kile kituo chao cha kurusha setilaiti cha San Marco kule Ngomeni wengi wao walionja maisha ya huku wakarudi na jamaa zao, mpaka leo kuna vijana wa Malindi wanaongea Kitaliano vizuri kuliko Kiingereza. Lamu nako, Shela hasa, wapo wageni wa kila nchi. Sasa shida ni kwamba mengi tunayoambiana kuhusu hizi nyumba si kweli, na hayamuumizi mnunuzi peke yake, yanatuumiza na sisi, aliyeuza, aliyeandikishwa jina, mke, na mlinzi wa geti. Kwa hivyo nayaweka hapa yale ninayoyasikia sana.

"Mzungu akishalipa, ardhi ni yake milele"

Hapana. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema mtu asiye raia anamiliki ardhi Kenya kwa lizi tu, yaani kukodishiwa kwa miaka maalum, na hiyo lizi haizidi miaka 99. Hata mkiandikiana kwenye agrimenti kwamba ni ya milele na mkapiga mihuri kumi, sheria itaisoma kama lizi ya miaka 99 na basi. Wageni waliokuwa na friholdi, yaani umiliki usio na mwisho, au zile lizi za zamani za miaka 999, tangu Katiba ianze kazi tarehe 27 Agosti 2010 hizo haki zao zilikatwa zikabaki 99.

Yaani mgeni hanunui ardhi, ananunua miaka. Ukilielewa hilo utauliza swali ambalo madalali hawapendi kulisikia, imebaki mingapi? Maana lizi ya miaka 99 iliyoanza 1960 inaisha 2059, mnunuzi wa leo anapewa thelathini na kitu lakini anatajiwa bei kama vile ndio inaanza kesho. Kwa mzee wa miaka 70 labda haimsumbui, atatangulia yeye kabla ya lizi, lakini wanawe wakitaka kuuza ndio watashangaa mbona hakuna anayetaka. Na usidanganywe kwamba kurefusha ni kwenda ofisini tu kujaza fomu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa aliyekuwa na lizi nafasi ya kwanza ya kupewa tena ikiisha, ila kwa sharti awe raia wa Kenya na serikali iwe haiitaki hiyo ardhi kwa matumizi ya umma. Mgeni hana hiyo nafasi ya kwanza, anaomba tu.

"Fungua kampuni ya Kenya, umemaliza"

Hii ilikuwa ujanja wa zamani. Sasa hivi kampuni inahesabiwa raia ikiwa tu hisa zote, narudia zote, ziko mikononi mwa raia. Mgeni akiwa na hisa hata moja kampuni nzima ni mgeni, inarudi kwa ile 99.

"Andikisha kwa jina la bibi, hapo hakuna shida"

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu Malindi hii imevunja nyumba nyingi. Mzee ana pesa, binti wa hapa aliyemuoa au anayeishi naye ana kitambulisho cha Kenya, dalali anawaambia pangeni hivi, pesa zake, jina lako. Mzee anadhani amepata friholdi kwa mlango wa nyuma, binti naye na ukoo wake wanadhani wamepata villa ya bure. Mara nyingi wote wawili wamekosea.

Kwa upande wa mzee, anayetambulika ni yule aliye kwenye hati. Wakikosana itabidi aende mahakamani kuthibitisha kwamba pesa zilikuwa zake na binti alishikilia tu kwa niaba, na hiyo kesi inaweza kula miaka ambayo mtu aliyestaafu hana. Na hata akishinda hapati zaidi ya lizi. Ndoa haimfanyi raia pia, Katiba inasema mtu aliyeolewa au kuoa Mkenya akae kwenye ndoa angalau miaka saba ndipo aruhusiwe kuomba uraia. Kuomba, si kupewa papo hapo.

Kwa upande wa binti, dadangu, kabla hujaitisha sherehe kwenu hebu soma unachotia sahihi. Siku ileile ya kuandikisha hati anaweza kupewa karatasi nyingine inayosema anadaiwa ile pesa yote kama mkopo, au kwamba nyumba imewekwa rehani kwa mzee, na imeandikwa lugha asiyoijua. Usitie sahihi kitu ambacho wakili wako mwenyewe, si wa mzee, hajakusomea kwa Kiswahili. Kama mmeoana rasmi Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaangalia mchango wa kila mmoja, hata kazi ya nyumbani na kulea watoto ni mchango. Kama mnaishi tu pamoja usitegemee hiyo sheria ikubebe.

"Mimi nimezaliwa hapahapa, hata nikiwa na paspoti ya Uingereza mimi Mkenya"

Hii ni ya ndugu zetu walioko nje, watu wa Lamu na Malindi walioenda zamani wakachukua uraia wa huko, sasa wamezeeka wanataka kurudi kujenga. Sikiliza vizuri, tarehe ndio kila kitu. Kama ulichukua uraia wa nchi nyingine kabla ya 27 Agosti 2010, kwa katiba ya zamani uraia wako wa Kenya uliisha. Katiba mpya inakupa haki ya kuurudisha ukiomba, na wewe uliyezaliwa raia hawakunyimi, lakini usipoomba wewe kisheria ni mgeni kama yule Mtaliano na utapata miaka 99, hata kama babu yako amezikwa nyuma ya hiyo nyumba. Kama ulichukua baada ya hapo, uraia wako wa kuzaliwa haukupotea, unachotakiwa ni kutangaza kwamba una uraia pacha, na sheria inataka ufanye hivyo ndani ya miezi mitatu. Kwa hivyo anza na ofisi ya uhamiaji kabla ya ofisi ya ardhi. Watu hufanya kinyume, wananunua kwanza halafu wanaanza kuhangaika.

"Ploti inafika mpaka majini"

Dalali anakuonyesha kwa mkono, kuanzia ukuta ule mpaka kwenye mawimbi. Katiba kifungu cha 62 kinasema ardhi yote iliyo kati ya maji yakijaa na maji yakitoka ni ya umma. Mvuvi ana haki ya kupita, mtoto ana haki ya kucheza mpira hapo, na ukuta uliojengwa juu ya hiyo sehemu hauna baba wala mama. Tena kuna kitu wengi hawakijui. Tangu marekebisho ya 2016, ploti za mstari wa kwanza na wa pili kutoka alama ya maji kujaa ni ardhi iliyodhibitiwa, mgeni haruhusiwi kuipata bila idhini ya maandishi ya Waziri. Ni zilezile anazozitaka kila mstaafu. Na ukiingia ndani kidogo ukakuta shamba, ardhi ya kilimo inapita bodi ya ardhi, ambayo haina ruhusa ya kumpitishia mgeni.

"Mwenye nyumba amekubali, hati ipo, twende kazi"

Mwenye nyumba ni nani? Lamu mji wa kale nyumba ya mawe haiwi ya mtu mmoja kirahisi. Baba alifariki, urithi haujagawanywa, kuna dada yuko Mombasa, kaka yuko Oman, watoto wa shangazi wana fungu lao, na anayekuuzia ni yule mmoja tu aliyebaki na funguo. Kama ni familia ya Kiislamu mafungu yanajulikana, na mahakama ya Kadhi ipo kwa kazi hiyohiyo, kwa hivyo ukinunua kabla mirathi haijakamilika umenunua ugomvi wa ukoo. Halafu kuna wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu na manufaa ya watu. Nyumba au shamba lililowekwa wakfu haliuzwi, si na mjukuu wala na imamu, hata likiwa limekaa gofu miaka.

Malindi na Mombasa tuna letu pia, nyumba bila ardhi. Huyu anamiliki kuta na bati, ardhi ni ya mwingine ambaye analipwa kodi ya kiwanja kila mwezi. Kwetu ni kawaida kabisa, mgeni akielezwa anadhani anataniwa. Anauziwa nyumba kwa roho safi tu halafu mwenye ardhi anatokea.

Na hati yenyewe si mwisho wa maneno. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru zifutwe hati za karibu ekari 500,000 za kaunti ya Lamu zilizogawiwa kampuni 22. Kwa hivyo fanya sachi rasmi kwenye rekodi za ofisi ya ardhi, leta sevea, yaani mpima ardhi, ahesabu bikoni za mipaka moja moja akiwa na ramani, tembea uulize majirani na mzee wa mtaa ploti hii ilikuwa ya nani kabla ya huyu. Majirani hawana komisheni.

"Ukinunua nyumba unapata na kibali cha kuishi"

Vitu viwili tofauti. Mstaafu anaomba pemiti ya daraja K, awe ametimiza miaka 35, awe na kipato cha uhakika cha angalau dola 24,000 kwa mwaka, na asifanye kazi ya kulipwa. Nyumba peke yake haimpi siku hata moja.

"Itajilipa yenyewe, Desemba tu inatosha"

Desemba ndio inayomdanganya kila mtu. Amekuja wakati wa kaskazi, bahari imetulia, hoteli zimejaa. Hajaiona Malindi ya kusi, mwani umejazana ufukweni, mikahawa imefungwa na chumvi inakula bawaba za milango. Shela na Lamu ikifika Mei kuna nyumba ngapi zimefungwa? Kisha kuna miaka inayokuja bila hodi. 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda huko Lamu, 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, 2020 korona, na kila mara balozi zikitoa onyo watu wanakatisha safari. Mwenye nyumba ambaye si mkaazi analipa serikali asilimia 30 ya kodi ya pango anayopokea, na akiuza kwa faida tangu 2023 ni asilimia 15 ya ile faida. Kununua kwenyewe kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani.

Lamu uongeze ukarabati. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, hubomoi wala hutoboi dirisha kwa kupenda, lazima watu wa makumbusho wajue. Vifaa vinakuja kwa jahazi kisha punda. Na tafadhali, ukuta wa matumbawe na chokaa usiupake simenti, unyevu unakosa pa kutokea na plasta inabanduka vipande vipande, halafu fundi wa Lamu anaitwa kurekebisha kazi ya fundi wa mbali.

"Nimemlindia mzungu nyumba miaka kumi na tano, kisheria ni yangu"

Hii nimeisikia kwa walinzi na watunza bustani mara nyingi wallahi, na naelewa inatoka wapi. Kweli sheria ipo, mtu akikaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 mfululizo, wazi, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kuidai. Lakini wewe umewekwa pale na mwenyewe na unalipwa mshahara, hiyo ni ruhusa, hata ukae miaka arobaini.

Haki zako ziko kwingine. Kazi ya miezi mitatu na zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi. Unalipwa kwa mwezi, una haki ya notisi ya siku 28 au pesa yake. Kama hukuwekewa NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kuna malipo ya utumishi kwa kila mwaka uliofanya kazi. Madai ya kazi yana muda, miaka mitatu tu, ukilala umekosa. Na mzee akifariki, hiyo nyumba inarithiwa kwa sheria za Kenya hata kama wasia uliandikwa Milano, kwa hivyo kesi ya mirathi itakuja huku na mshahara unaodai ni deni kama madeni mengine. Ila watoto wake wakishuka hapo Malindi hawakujui wewe ni nani, basi karatasi iandikwe sasa, mzee akiwa bado anakaa kibarazani anakunywa kahawa yake na anaweza kushika kalamu.