Yangeyange mweusi wa Pemba si dume la yule mweupe

Hapa Dodoma yangeyange tunayemzoea ni mweupe, mdomo wa njano, anayefuata ng'ombe malishoni akidaka panzi wanaorushwa na kwato. Basi shemeji yangu aliporudi kutoka Pemba na picha ya ndege wawili juu ya mwamba, mmoja mweupe, mwingine wa kijivu kilichokolea karibu weusi, nyumba nzima ilikubaliana: jike na dume.

Sivyo. Hao ni yangeyange wa pwani, aina moja, na rangi haitokani na jinsia wala umri. Ni ya kurithi. Mweupe na mweusi huweza kupandana na kulea makinda pamoja. Kuza picha uone: yule mweusi ana koo jeupe, kama amepakwa chokaa chini ya mdomo, na wote wawili wana miguu myeusi yenye vidole vya njano. Wanapatikana pia Madagaska, Komoro na Aldabra, kisiwa cha Shelisheli.

Ng'ombe hawawahusu. Maji yakipwa hushuka kwenye madimbwi ya miambani kuvizia visamaki na kaa. Mara watulie kabisa, mara wakurupuke mbio, mabawa wazi.